Kilichoziba Mtaro

Uchafu wa mtoto mchanga unausamehe, maana mtoto hajui. Wa mtu mzima haumezeki. Mtaro ule uliopita mbele ya maduka saba ulijazwa na watu wenye akili zao timamu, watu waliopiga mswaki asubuhi, wakavaa nguo zilizopigwa pasi, kisha wakafungua mlango na kurusha mfuko wa taka kwa mkono uleule watakaokupa ukipita uwasalimie. Maji yake yalikuwa meusi, juu yametandwa na utando wa kijani, na kila baada ya muda povu moja kubwa lilipanda kutoka chini, likapasuka taratibu na kutoa harufu ya yai viza. Funza walikuwamo. Tena walikuwa wanene.

Aliyeuchukia mtaro ule kuliko wote ni kinyozi wa duka la nne. Mtaa mzima ulimwita Spiriti, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake hutoki bila kupakwa spiriti shingoni, masikioni na hata mahali ambapo wembe haukufika. Alikuwa mgane wa miaka sitini kasoro kidogo, mwembamba, koti jeupe, kucha fupi kama za daktari. Ukipiga chafya, anafungua dirisha. Ukiweka kofia yako juu ya meza yake, anaiangalia mpaka unaiondoa mwenyewe. Na sakafuni kwake hukuti unywele. Kila jioni alifagia nywele zote za siku, akazimimina kwenye tundu lililokuwa pembeni ya kizingiti, akazisukuma kwa ndoo nzima ya maji ya sabuni. Mwalimu wake wa kazi alimfundisha kwamba nywele za mteja ni amana. Huzichomi, maana zinanuka. Huzipeleki jalalani, maana hujui nani atakuja kuziokota na ana nia gani. Unazipeleka na maji, basi. Miaka ishirini na miwili hakuna mteja aliyelalamika kwamba nywele zake zimeonekana mahali, na Spiriti alijivunia hilo kuliko hata mkono wake mwepesi.

Mwaka huo chuki yake na mtaro ilipata sababu mpya. Binti yake wa pekee alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia, mumewe akiwa kazini mbali. Alijifungua kwa kupasuliwa. Sasa alilala na kichanga cha siku kumi na moja kwenye chumba cha nyuma ya duka, na baba mtu alihamishia mkeka wake chini ya viti vya wateja. Tatizo la chumba kile ni kwamba kilikuwa chini ya barabara kwa ngazi mbili. Mvua za mwaka uliopita mtaro ulifurika, maji yale yakashuka ngazi bila kubisha hodi, na Spiriti alikuta godoro linaelea, na juu ya mto wake kimelala kitu ambacho mpaka leo hataki kukitaja. Wakati ule alikuwa peke yake. Mwaka huu juu ya godoro kulikuwa na mtoto ambaye kidonda chake cha kitovu kilikuwa bado kibichi.

"Mvua zikianza nitaondoka, baba," binti alimwambia.

"Uende wapi na mshono huo? Daktari amesema mwezi mzima usipande gari."

"Basi tutafanyaje?"

Spiriti alitoka akazunguka duka moja baada ya jingine, na kila mlango alisema maneno yaleyale, bila hata salamu. "Jumamosi saa moja asubuhi. Kila mtu na mbele ya duka lake. Beleshi, ndoo, gunia."

"Na asiye na beleshi?" aliuliza fundi viatu wa duka la tano, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake.

"Ana mikono."

Jumamosi walijitokeza watu kumi na watatu, jambo ambalo kwa mtaa ule lilistahili kuandikwa ukutani. Walianza juu, duka la kwanza, wakashuka. Vilivyotoka humo vingemfanya mtu afunge wiki nzima. Chupa za plastiki zilizojaa mkojo wa madereva wavivu. Nepi zilizovimba kama maboga. Mifuko ya plastiki iliyofungwa fundo, na ole wako uifungue. Kichwa cha mwanasesere, jicho moja, ndani yake mmejaa funza. Kandambili kumi na moja, zote za mguu wa kushoto isipokuwa moja. Kila kitu kilipotoka, kilikosa mwenyewe. Mama wa duka la vitambaa aliona nepi mbele ya mlango wake akasema zimeletwa na upepo.

"Upepo gani unaojifungua?" fundi viatu alimuuliza, na watu wakacheka huku wameziba pua.

Spiriti hakucheka. Alikuwa amevaa glovu mbili mkono mmoja, mbili mkono mwingine, kitambaa chenye spiriti puani, na ameshika reki ndefu mwisho kabisa wa mpini, kama mtu anayelisha mamba. Aliwaona wenzake na akawachukia. Hawa ndio aliowanyoa! Shingo hizi ndizo alizozipaka spiriti! Watu hawa walikuwa wachafu ndani kwa ndani, mahali ambapo hata spiriti haifiki, na alitamani awaambie hivyo mmoja mmoja.

Walipofika mbele ya duka lake, mambo yakawa magumu. Juu kote maji yalikuwa yameanza kutembea, lakini pale kwake yalisimama. Walitoa taka zote zilizoonekana, na bado yakasimama. Spiriti akaingiza reki kwenye mdomo wa kalavati lililopita chini ya kizingiti chake, akaitoa, na kwenye meno ya reki yakang'aa magamba matatu ya samaki.

"Haya ya nani?"

"Ya samaki," alisema fundi viatu.

"Sikuulizi mnyama. Nauliza mtu."

Watu wote walimtazama mama muuza samaki. Alikuwa na jiko lake na mwavuli pembeni ya kinyozi kwa miaka minane, anakaanga vipande, na harufu ya mafuta yake ilikuwa inaingia dukani kwa Spiriti asubuhi na kutoka jioni. Spiriti hakuipenda hata siku moja. Yeye ndiye aliyembandika jina la Bi Magamba, na jina likamganda.

"Kaka, magamba yangu naweka kwenye debe, na debe lina kifuniko," mama alisema. "Njoo utazame."

"Na haya yamekuja kwa miguu?"

"Mawili matatu hurukia huko nikiparua. Hayo hayazuii maji."

Hapo Spiriti akalipuka. Wiki mbili za kutolala, godoro la mwaka jana, vile vidole vidogo vya mjukuu wake, vyote vilimtoka mdomoni kwa pamoja. "Samaki mmoja akioza wote wameoza, na wewe ndiye unayetuozesha! Mafuta yako machafu, matumbo ya samaki wako, vyote humu! Mwanangu amelala hapo nyuma na kichanga, na wewe unampikia kipindupindu mlangoni! Mwanamke mchafu wewe, hata kunawa hujui!"

Sauti yake ilifika mwisho wa mtaa. Mteja mmoja aliyekuwa na kipande mkononi alikirudisha kwenye karatasi, akakiweka chini polepole, akaondoka. Wengine wakamfuata. Ikaamuliwa palepale kwamba mama ahamishe jiko lake, aende kule mwisho, kwenye ukuta mtupu ambako hakuna anayepita ila anayetafuta pa kujisaidia. Hakuna aliyemtetea. Fundi viatu, aliyekula samaki wa mama yule kila mchana wa Mungu, aligundua ghafla kwamba soli ya kiatu chake ilihitaji kuangaliwa kwa makini. Mama alikunja mwavuli, akazima jiko, akasubiri lipoe, akajitwika.

Spiriti aliingia ndani akanawa mara tatu. Alijisikia vizuri, na hapo ndipo mtu anapopaswa kujiogopa.

Siku ya nne ikanyesha mvua ya rasharasha, mvua ya kupima bati tu. Mtaro wote wa juu ulikuwa safi sasa, kwa hiyo maji yalikuja mbio, yakafika kwa kinyozi, yakakwama, yakaanza kupanda. Usafi wote ule ulikuwa umemsogezea balaa mlangoni. Maji yaligusa ngazi ya kwanza. Spiriti alikuta funza mmoja ameshatoka kwenye maji, anapanda taratibu kuelekea chumbani, hana haraka. Alimmwagia nusu chupa ya spiriti.

"Baba, kunanuka," binti alisema. Alikuwa amekaa juu ya godoro lililoinuliwa kwa kreti za soda, mtoto kifuani, amemfunika pua kwa ncha ya shuka. "Mama wa samaki si ameondoka? Mbona kunanuka kuliko jana?"

"Ni harufu yake iliyobaki."

Spiriti akachukua ndoo akaanza kukomba maji ngazini, na jioni, akifagia dukani, akamimina nywele za siku kwenye tundu lake kama kawaida, maana kazi ni kazi.

Jumamosi ya pili mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa. Fundi viatu alisimama mbele ya duka la kinyozi akatikisa kichwa. "Mzee Spiriti, mwenye macho haambiwi tazama. Huku juu kunatiririka, huko chini kumekauka. Kizibo kiko hapa, chini ya mlango wako."

Bamba la zege la kizingiti halikuwahi kunyanyuliwa tangu duka lijengwe. Wanaume wanne walilitia mitaimbo wakalisukuma kando. Harufu iliyopanda haikuwa ya mtaro. Ilikuwa nzito na tamu, ya kitu kilichokaa muda mrefu bila kuona hewa, na mama wa vitambaa akakimbilia ukutani akatapika bila aibu. Reki haikufaa, maana kalavati lilipinda. Ulitakiwa mkono.

Watu wakamtazama mwenye mlango.

Spiriti alivua koti akalikunja vizuri, akavaa glovu ya tatu juu ya mbili, akapiga magoti. Aliingiza mkono mpaka kifundo. Kitu laini, chenye utelezi, kikamgusa vidole na kama vile kikavipapasa. Akauchomoa mkono akatapika kwenye ndoo yake mwenyewe. Alijaribu tena, akashindwa kabla hata hajagusa. Hatua kumi nyuma yake mjukuu wake alikuwa analia, yeye amepiga magoti kwenye barabara ameshindwa na kinyaa, na hakuna kitu alichokiona kibaya siku ile kuliko yeye mwenyewe.

"Sogea."

Alikuwa mama muuza samaki. Amri ya Jumamosi ilikuwa kila mtu na mbele yake, na yeye alikuwa ameshasafisha ukuta wake mtupu, gunia lake limejaa. Aliweka gunia chini, akapandisha mkono wa gauni mpaka begani.

"Cha mvunguni sharti uiname, kaka. Wewe huinami."

Hakuvaa glovu. Alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka kwapani, shavu lake likakaribia kugusa uchafu. Alipapasa. "Kuna kitu kimenasa," alisema. "Kina manyoya."

"Paka huyo," mtu mmoja alisema.

"Ni mkubwa kuliko paka."

Akavuta. Kilitoka polepole, kwa sauti ya mguu unaochomoka topeni, kikalala barabarani: kirefu kama mkono, kinene kama paja, cheusi chenye mvi, kinachuruza maji mazito kama makamasi. Funza walitambaa juu yake. Fundi viatu akavua kofia. "Maskini. Mnyama wa nani huyu?"

"Mlinzi wa ghala si alipotelewa na mbwa?"

"Alipotelewa wapi! Alikufa, kamtupa humu. Mshenzi yule! Aitwe!"

"Aitwe aje amle!"

Spiriti alikuwa amekwisha jua. Alijua tangu kilipotokeza nusu. Mbwa gani ana mvi mahali pamoja, na mahali pengine manyoya yaliyopakwa rangi nyekundu, na mahali pengine malaika laini ya nywele za kwanza za mtoto? Vipande vya pamba vilikuwamo. Nusu ya kiwembe ilikuwamo. Ule utelezi ulikuwa sabuni yake, ndoo moja kila jioni kwa miaka ishirini na miwili, na chini ya uvundo wote ule pua yake ilipata harufu nyembamba ya spiriti.

Tusimsafishe kuliko alivyokuwa. Alifikiria kunyamaza, tena alifikiria vizuri. Wangemzika mbwa. Mlinzi angeapa, wasingemwamini, na kesho yeye angenunua gunia, nywele zikawa zinaingia humo, na hakuna ambaye angejua.

Kisha akamwona mama muuza samaki amesimama, mkono ameutenga na mwili wake, mweusi mpaka begani. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye kiwiko, zimemzunguka vidole. Alikuwa anatafuta maji kwa macho, na kila aliyemtazama alirudi nyuma hatua moja, kama vile uchafu ule umezaliwa naye. Mtu mmoja alisema, "Huyu anuke mara ngapi?" Na nywele zile zilitoka kwenye ufagio wa Spiriti.

"Si mbwa," alisema.

Hawakumsikia.

"Si mbwa! Ni nywele. Ni za dukani kwangu, za miaka yote. Nilikuwa namimina humo."

Mmoja mmoja, wanaume wa mtaa ule wakaanza kujishika vichwa. Walikitazama kile kitu barabarani kwa macho mapya, na macho yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Mmoja akatema mate, akatema tena.

"Na zangu zimo?" fundi viatu aliuliza, kofia bado mkononi.

"Zimo."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kunyoa kwangu."

Fundi viatu akavaa kofia yake akaivuta mpaka masikioni. "Wazee walisema kinyozi hajinyoi," alisema. "Hawakusema kwamba atatuziba wote."

Hakuna aliyecheka. Spiriti aliingia ndani akatoka na beseni lake la wateja, sabuni mpya na chupa ya spiriti. Aliumwagia maji mkono wa mama yule, akausugua kuanzia begani, akatoa nywele kati ya vidole kimoja kimoja. Mama alimwachia mkono lakini hakumtazama. Alipomaliza, mama alisema, "Bado zimo nyingi. Nilichomoa kichwa tu, mkia uko ndani."

Spiriti alivua glovu zote akazitupa kwenye gunia. Alilala kifudifudi na shati lake jeupe, akaingiza mkono mtupu. Alizitoa konzi kwa konzi. Alitapika tena mara mbili, mara ya pili hakuwa na kitu tumboni, na akaendelea. Zilijaa ndoo sita. Kwenye ndoo ya sita kalavati likaguna, maji yakazunguka mara moja na kuanza kwenda, meusi, ya kijani, kisha ya kahawia, na wanaume waliokuwa wameshika vichwa wakasogea kuyatazama yakipita, maana hakuna aliyewahi kuona maji yakienda mahali kwenye mtaa ule.

Mvua yenyewe ilifika Jumatatu mchana, ikapiga saa tatu mfululizo. Binti alisimama mlangoni pa chumba, mtoto begani, anaangalia. Maji yalipita mtaroni na kelele zake, na ngazi zote mbili zikabaki kavu. "Mshike kidogo, baba," alisema. Spiriti alinusa mikono yake. Alikuwa amenawa mara zisizo na idadi tangu Jumamosi. Akanusa tena.

"Bado inanuka."

"Hainuki."

"Inanuka," alisema, na hakumpokea.

Jumatano asubuhi alienda kule mwisho, kwenye ukuta mtupu. Mama muuza samaki alikuwa na mteja mmoja, naye ni mlinzi wa ghala.

"Nimekuja kubeba jiko," Spiriti alisema.

Mama alimpa. Lilikuwa zito, limejaa masizi, na alilibeba kifuani mtaa mzima huku koti jeupe linageuka jeusi na watu wanatoka milangoni kutazama. Alilitua pembeni ya duka lake. Akaufungua mwavuli, akausimika. Mama akawasha moto, akaweka karai la mafuta, akaanza kuparua samaki juu ya debe, na wateja wa zamani wakasogea mmoja mmoja, pamoja na fundi viatu ambaye soli yake ilikuwa imepona.

"Kaka," mama alisema bila kuinua kichwa, "mbona husemi kitu?"

"Nimebeba jiko."

"Jiko nimeliona."

Spiriti aliinama karibu na sikio lake. "Nisamehe, dada," alisema polepole.

"Mimi nimesikia. Hawa hawajasikia." Alionyesha watu kwa ncha ya kisu. "Siku ile ulinitukana kwa sauti gani?"

"Kubwa."

"Haya basi."

Spiriti alitazama mtaa. Maduka saba, milango yote wazi, vichwa vyote alivyovinyoa vimemgeukia. Mvuke wa mafuta ulimpanda puani. Akavuta pumzi.

"Mtaro niliuziba mimi!" alipaza sauti. "Si mama huyu! Nilimwita mchafu mbele yenu, na mchafu nilikuwa mimi! Nisamehe, dada!"

Chumba cha nyuma mtoto aliamka akaanza kulia. Mama muuza samaki aligeuza kipande kimoja kwenye mafuta, akakiangalia kama kimeiva.

"Upande wa kule hawajasikia," alisema.

Spiriti akageukia upande wa kule.